Fimbo Kubwa ya Erchie Lumsden

Erchie Lumsden alikuwa fundi wa mapaa, na aliishi akiamini mambo mawili: kwamba mvua ni rafiki wa fundi wa mapaa, na kwamba Inverdour nzima haina mwanamume wa rika lake anayepiga mpira wa gofu mbali kumshinda yeye. La kwanza lilikuwa kweli.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Magoti yalishakwisha kwa kupanda ngazi, kitambi kilimtangulia kila alikokwenda, na bega la kulia lilitoa sauti ya mlango wa stoo kila alipolinyanyua. Lakini kichwani mwake Erchie alikuwa bado yule kijana aliyewahi kuuvusha mpira juu ya kijito ukaenda kuvunja dirisha la mchungaji. Kisa hicho alikisimulia sana, hata mchungaji mwenyewe, kabla hajafa, alikuwa akivuka barabara akimwona.

Siku hizi kijito hicho hicho ndicho kilichomkosesha usingizi. Kinakatiza mbele ya shimo la kwanza, na asiyekivuka kwa pigo lake la kwanza huishia kuchutama majini akipapasa mpira, makalio yakiuelekea ukuta. Ukuta wenyewe ni wa mawe, na juu yake hukaa wazee waliokwisha kuacha gofu, kila mmoja na chupa yake ya chai na ulimi wake. Hawana kazi nyingine duniani. Mpira ukizama, wanapiga makofi.

Erchie aliuogopa ukuta ule kuliko kaburi. Kaburini angalau hakuna anayekuuliza bega linaendeleaje.

Kila Mei watu wa Inverdour hugombea Ngao ya Chumvi na watu wa Portgarvie, jirani zao wa ng'ambo ya ghuba, ambao kila mtu Inverdour anajua kwamba ni wezi. Wachemsha chumvi walioanzisha shindano hilo hawakuwa na uwezo wa kila mtu kuwa na mfuko wake, kwa hiyo wachezaji wawili wawili hubeba mfuko mmoja wenye fimbo saba na kupiga mpira mmoja kwa zamu. Leo watu wana magari ya umeme na vyoo viwili ndani ya nyumba, lakini siku ya Ngao mfuko ni mmoja tu, fimbo saba, na katika hizo saba fimbo kubwa ni moja. Fimbo kubwa ndiyo ile ya kuanzia shimo, yenye kichwa kama kiazi cha maonyesho. Ikiwakataa, mmekwisha wote wawili.

Mwenzake Erchie kwa miaka thelathini alikuwa shemeji yake, Magnus Tulloch, mwenye bucha la barabara kuu. Jumatatu moja ya Aprili Magnus alimwita nyuma ya kaunta, akamtia pai ya kondoo mkononi bila kutaja bei. Erchie akajua kuna msiba.

“Shemeji,” Magnus alisema, “nahodha wa klabu kaniita.”

“Anataka nini yule chura?”

“Anasema mwaka juzi ulizamisha mpira shimo la kwanza, na mwaka jana ukazamisha tena. Tukishindwa safari hii, mwakani nicheze na daktari wa meno.”

“Yule wa kaptula?”

“Huyo huyo.”

“Na wewe ukasemaje?”

Magnus alifuta kisu ambacho hakikuwa na uchafu wowote. “Nikasema wewe ni mume wa dada yangu.”

“Ndiyo kunitetea huko?”

“Kula pai yako, Erchie. Na desturi unaijua: aliyezamisha ndiye anayenunua fimbo kubwa mpya. Tafadhali nunua ya kiume. Iko moja nyeusi dirishani kwa Rhona. Mpini mgumu, uso umesimama wima. Fimbo ya watu wenye mabega.” Alisema hivyo huku akijisugua kiwiko, lakini Erchie hakutia maanani. Alikuwa anamfikiria daktari wa meno na magoti yake meupe.

Nyumbani, mkewe Netta alikuwa anajaza chemshabongo ya gazeti. Netta alikuwa amesambaza barua kwa baiskeli mji mzima mpaka alipostaafu, na kila Jumatano alicheza gofu na wanawake wenzake, jambo ambalo Erchie aliliita kunyoosha miguu.

“Pauni mia mbili,” Netta alisema bila kuinua macho. “Chenji irudi. Na hela za safari ya Tenerife usiziguse, Erchie. Nimelisubiri jua miaka miwili.”

“Nani kasema habari za Tenerife?”

“Uso wako.”

Rhona Buchan, mwalimu wa gofu na mwenye duka, alimsimamisha mbele ya wavu, akamwambia apige mipira kadhaa huku mashine ikimpima. Erchie alipiga kwa nguvu zake zote. Pigo la tatu kifungo cha suruali kikaruka. Rhona akaitazama mashine, akamtazama Erchie, akaitazama tena mashine kwa huruma.

“Mzee Lumsden, unataka kweli au unataka maneno matamu?”

“Kweli. Mimi ni mtu mzima.”

“Kasi yako ni sawasawa na ya mama yangu.”

“Mama yako anacheza sana?”

“Alikuwa anacheza, kabla hajawekewa nyonga ya chuma.”

Kisha akamweleza bila kumzungusha. Fimbo ngumu inataka mtu wa kuipinda; usipoweza kuipinda, itakupinda wewe. Mwenye pigo la polepole anataka mpini laini na mwepesi, na uso wa fimbo uliolala kidogo, ndipo mpira unapata kupanda. Uso ukisimama wima na pigo likiwa la mama mwenye nyonga, mpira hauruki, unalima. “Angalia kwenye pipa la mitumba pale,” alisema. “Iko moja ya pauni tisini itakayokukaa kama soksi.”

Erchie aliitoa pipani. Ilikuwa fimbo safi kabisa, ila mpini wake ulikuwa na mstari wa kijivu, na kila mcheza gofu anaujua mstari ule: ni alama ya wazee.

“Haipo isiyo na mstari?”

“Tukiufuta mstari, bega litapona?”

Hapo angelipa pauni tisini, akarudisha chenji na kuishi kwa amani. Lakini fimbo nyeusi ilikuwa pale dirishani inamwangalia. Akaishika. Ilikuwa nzito, baridi, ina kiburi, na alipojiona kwenye kioo cha duka ameibeba begani, Erchie Lumsden alimwona kijana wa dirisha la mchungaji. Pauni mia tano na arobaini.

“Ukiinunua hiyo,” Rhona alisema, “atakayefurahi ni mimi. Wewe utalia.”

Akainunua. Njiani akampitia Magnus na kumwambia kwamba mashine ya Rhona ilikuwa haijawahi kuona kasi kama ile kwa mtu wa umri wake, jambo ambalo kwa namna yake halikuwa uongo. Netta alipouliza bei, akajibu kwamba ilikuwa ndani ya bajeti. Hakusema bajeti ya nani.

Juma lile alikwenda uwanjani kila alfajiri, ukungu wa bahari ukiwa bado umelala juu ya nyasi na ukuta hauna mtu. Mpira wa kwanza ulilima futi kadhaa za nyasi ukaingia kijitoni. Wa pili ukaufuata kumtazama mwenzake. Alibadilisha miguu, akabadilisha kofia, akaomba Mungu, akatukana, akaomba Mungu msamaha kwa kutukana. Kijito kilimeza mipira mpaka Erchie akaanza kuwahurumia samaki. Siku ya nne alikaa chini kwenye umande, mtu mzima na mvi zake, machozi yakimlengalenga, akijiona tayari yuko ukutani na chupa ya chai.

Alhamisi ya juma lililofuata, alipofungua buti ya gari, akakuta mfuko wa Netta umesahauliwa humo tangu jana yake. Fimbo kubwa ya Netta ilikuwa ya zambarau, yenye maua meupe kichwani na mpini laini. Netta naye alikuwa amepimwa kwa Rhona, akaambiwa kinachomfaa, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaenda duka la mitumba la kanisa na kununua kinachomfaa kwa pauni kumi na mbili. Wanaume wa Inverdour waliiona tabia hiyo kuwa ya ajabu.

Erchie akaichukua kwa kuidhihaki tu. Akaipunga kivivu, kama mtu anayefukuza kuku.

Mpira ulipanda. Ukapanda, ukaning'inia juu ya kijito, ukaendelea na safari zake, ukatua mbali ng'ambo ya pili na kubingirika. Erchie alicheka kwa sauti, akaruka, goti likamkumbusha umri wake. Kisha akageuka upesi kuangalia kama kuna mtu kamwona. Hakuna aliyemwona. Akapiga mwingine. Nao ukavuka.

Tangu siku hiyo Erchie akawa mwizi wa alfajiri. Alikuwa anaiazima fimbo ya mkewe kabla hajaamka na kuirudisha imefutwa umande, huku ile nyeusi ikilala kabatini nyuma ya makoti. Kila alipokwenda bucha kumweleza Magnus, Magnus alianza kuisifia fimbo nyeusi mbele ya wateja, na Erchie akaondoka na soseji badala ya kusema neno. Siku ya Ngao alifanya kile ambacho mtu muoga hukiita mpango: aliitia fimbo ya zambarau mfukoni na kuivika ile kofia ya kufunikia kichwa cha fimbo nyeusi.

Tatizo ni kwamba kofia hazikai. Kabla ya mchezo, watu wa Portgarvie huuvua nguo mfuko wa Inverdour na kuhesabu fimbo zake, na watu wa Inverdour huwafanyia wao vivyo hivyo. Ni desturi tangu mwaka ambao babu mmoja wa Portgarvie alificha fimbo ya nane ndani ya suruali na kutembea mashimo yote kama mwenye ngiri. Safari hii mhesabuji wa Portgarvie alikuwa Dod Imrie, mwenye duka la samaki wa kukaanga, mtu mwenye sauti ya kengele ya zimamoto.

Dod akaivuta kofia nyeusi. Maua meupe yakachomoza kwenye jua la Mei.

Halafu ukuta mzima ukalipuka.

“Hii ni fimbo,” Dod aliuliza, “au ni mwavuli wa bibi harusi?”

“Mwulize kama anavyo na viatu vyake!” mzee mmoja akapiga kelele kutoka ukutani.

“Ya nani hii, Erchie?”

Erchie aliinua macho. Netta alikuwa pale pale ukutani, mwishoni, na koti lake la mvua na chupa yake ya chai, kama alivyokaa kila Mei kwa miaka thelathini. Alikuwa anaitazama fimbo yake. Hakuonyesha kushangaa hata kidogo. Alionekana anasubiri kitu. 

“Ya duka,” akasema. “Ya majaribio. Rhona kaniomba nimjaribie.”

Netta akakifunga kifuniko cha chupa yake polepole.

“Iko wapi nyeusi?” Magnus alinong'ona, uso mwekundu kama nyama ya dirishani kwake.

“Kabatini.”

“Kabatini inafanya nini, inavaa koti? Mimi sipigi na kitu chenye maua, Erchie. Watu wananijua.”

“Basi piga na meno. Niachie nafasi.”

Akasimama, akapiga moyo konde, akaipunga ile zambarau kivivu vile vile. Mpira ukavuka kijito kwa raha zake. Ukutani mzee mmoja akaanza kukohoa ili asionekane amekosa la kusema.

Mchezo ulikwenda hivyo. Mashimo ya zamu ya Erchie kuanza, waliyashinda au walitoka sare. Ya zamu ya Magnus, mwenye bucha alikataa katakata kuishika fimbo yenye maua, akaanza na fimbo nyembamba ya chuma, mpira ukaenda mfupi ama ukaingia kwenye vichaka vya miiba ya njano, na Erchie akatambaa humo na kutoka na mikwaruzo. Walipofika shimo la mwisho walikuwa sawa kabisa na watu wa Portgarvie. Mbele yao kijito kile kile, maana shimo la mwisho hurudi palepale na kukivuka tena. Zamu ilikuwa ya Magnus. Kwa fimbo ya chuma hata kijana asingefika.

Magnus alisimama juu ya mpira muda mrefu. Halafu akamsogelea Erchie, akasema kwa sauti ya chini, “Shemeji, hata ile nyeusi isingenisaidia. Kiwiko hakinyooki tangu mwaka juzi. Shimo hili nimekuwa napiga mpira pembeni makusudi, halafu nasema ni upepo.”

“Na mimi nikalaumiwa miaka miwili?”

“Wewe ulizama mbele ya watu.”

“Magnus, ulitaka kunitupa kwa sababu ya mpira mmoja wa majini, na wewe mwenyewe huwezi kuvuka hata dimbwi?”

“Niliona aibu,” Magnus alisema, na macho yake yalikuwa na maji kweli. “Nisamehe. Nilidhani wewe bado unaweza, ni bahati mbaya tu.”

Erchie alitaka kumkasirikia na akashindwa. Miaka miwili alikuwa anaogopa kuaibika mbele ya Magnus, kumbe Magnus naye alikuwa anaogopa kuaibika mbele yake. Akamnyooshea fimbo ya zambarau, na Magnus akaipokea kwa mikono miwili.

“Eeh, Magnus!” Dod alipaza sauti. “Na wewe umeolewa?”

Magnus aligeuka kuukabili ukuta, nahodha na Portgarvie yote. Akaiinua fimbo juu, maua yakaonekana na kila mwenye macho.

“Hii ni fimbo ya dada yangu Netta!” akasema kwa sauti ya kuitia wateja. “Nilikuwepo alipoinunua. Ina akili kuliko wewe, Dod, na inanuka samaki kidogo kuliko wewe!”

Akapiga. Kiwiko hakikunyooka, na fimbo haikujali. Mpira ukapanda, ukavuka, ukatua kwenye nyasi fupi. Erchie akausogeza hadi karibu na shimo, Magnus akausukuma ndani, na Ngao ikalala Inverdour.

Ukumbini kulikuwa na bia, pai na uongo mwingi. Nahodha alimshika Erchie bega, lile bovu, akatangaza kwamba mwakani Lumsden na Tulloch watacheza tena pamoja, na daktari wa meno ataendelea na meno. Erchie alijiona amefufuka. Alikuwa ameanza kumsimulia mhudumu wa baa habari za dirisha la mchungaji pale Netta alipoingia, amekumbatia fimbo nyeusi iliyofungwa taulo.

“Hii inarudi kwa Rhona kesho,” alisema. “Nimeshaongea naye. Tenerife tunakwenda kama tulivyopanga. Na mwakani kwenye Ngao nacheza mimi.”

“Lakini mama,” nahodha alianza, “Ngao ni ya...”

“Ni ya watu wawili na mfuko mmoja. Haijasema suruali. Mnadhani chumvi ya wale waanzilishi ilipelekwa sokoni na nani, wao au wake zao? Mimi nimekaa kwenye ukuta ule miaka thelathini nikitazama wanaume wakioga kijitoni, na kila Jumatano nakivuka huku napiga soga. Wiki tatu fimbo yangu imekuwa ikitoroka alfajiri na mimi nimejitia nimelala. Sasa basi. Haitoki tena bila mimi.”

Nahodha akaitafuta busara ndani ya glasi yake, asiione.

“Haya,” Magnus aliuliza, “utacheza na nani?”

Netta alimtazama mumewe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza Erchie zaidi. Alijua jibu kabla halijatoka.

“Na yule aliyesema kwamba fimbo ni yangu.”

Erchie alikuwa na maneno mengi mazuri ya kusema, na yote yalikuwa yamechelewa tangu asubuhi. Uliuma sana ule ukweli, wala hakuona pa kuupeleka, maana hakuna aliyemnyang'anya nafasi yake isipokuwa ulimi wake mwenyewe.

Mei iliyofuata ilikuwa ya upepo. Magnus alibeba mfuko mmoja wenye fimbo saba, na Netta, rangi yake ikiwa bado ina jua kidogo la Tenerife, akasimama mbele ya kijito. Dod Imrie alihesabu fimbo bila kusema neno la utani, kwa sababu mwaka mzima watu walikuwa wakimwuliza kuhusu harufu ya samaki. Ukutani walisogezana kumpa nafasi mgeni mwenye chupa mpya ya chai.

“Karibu, Erchie,” mzee wa jirani alisema. “Bega linaendeleaje?”

Netta alikuwa amekwisha kuinua mikono. Mpira ulitoka, ukapanda, ukakivuka kijito na kwenda mbali kuliko Erchie alivyowahi kuupeleka maishani mwake, dirisha la mchungaji likiwemo. Akasimama juu ya ukuta, magoti yakimlilia, chai ikimmwagikia mguuni.

“Hiyo fimbo ni ya mke wangu!” alipaza sauti mpaka ng'ambo ya kijito.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.